Sindano ni Njia ya Dawa, Si Dawa

Imani ya wananchi juu ya sindano ni kubwa. Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, kama katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania, wako wagonjwa ambao wakitoka zahanati na vidonge tu hujiona hawakutibiwa. Aliyechomwa sindano hurudi nyumbani akichechemea, lakini ameridhika kwamba mganga amemjali. Imani hiyo haina budi kuchunguzwa, kwa sababu inaweza kumgharimu mwananchi afya yake, na pengine uhai wake.

Imani hiyo haikuzuka bure. Katika miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza, wagonjwa wa buba katika Tanganyika walidungwa sindano, na vidonda vilivyowatesa kwa muda mrefu vikakauka upesi. Watu walimiminika kuifuata sindano hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini, nayo ikaiongezea sindano sifa. Kosa lilianza pale ambapo sifa ya dawa ilipewa chombo. Mwananchi hakuona dawa ikifanya kazi ndani ya damu. Aliona sindano, akasikia maumivu, akapona. Basi akaamini kuwa kilichomponya ni kuchomwa.

Ni kweli kwamba ziko saa ambapo sindano haina mbadala. Mtoto mwenye malaria kali, aliyepoteza fahamu au anayetapika kila anachomeza, hawezi kusaidiwa na kidonge. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo hospitali za Muheza na Korogwe hapa Tanzania, ulilinganisha sindano ya kwinini na ile ya artesuneti. Kati ya watoto waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti walikufa asilimia 8.5. Kwa kila watoto 100, zaidi ya 2 waliokolewa kwa kubadili dawa tu. Ushindi huo ni wa dawa, kwani makundi yote mawili yalitibiwa kwa sindano. Tena mtoto huyo akishapata nafuu na kuweza kumeza, hana budi kumalizia matibabu yake kwa vidonge vya mseto.

Lakini mtoto huyo si sawa na yule mwenye malaria ya kawaida, anayekula na kucheza. Huyu wa pili hutibiwa kwa vidonge vya mseto, na akivimeza kwa utaratibu hupona sawasawa. Kumdunga ni kumtia maumivu bila faida. Sindano iliyochomwa vibaya takoni yaweza kujeruhi mshipa mkuu wa fahamu na kumwachia mtoto ulemavu wa mguu. Nchini Uganda, katika eneo la Kumi, madaktari wamewaona watoto wengi ambao misuli ya matako yao imekakamaa, nao wanaihusisha hali hiyo na sindano walizochomwa wakiwa wadogo.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Sindano hufungua mlango katika ngozi, ambayo ndiyo boma la mwili. Ikiwa si safi, hupitisha humo chochote ilichobeba kutoka kwa mgonjwa aliyetangulia. Mwaka 1976, katika hospitali ya Yambuku nchini Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wauguzi walipewa kila asubuhi sindano 5 tu za kuwahudumia wagonjwa. Baina ya mgonjwa mmoja na mwingine zilisuuzwa tu kwa maji ya uvuguvugu. Ndipo ugonjwa wa Ebola, ambao dunia ilikuwa haijaujua, ukapita katika sindano hizo. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafa. Wauguzi wenyewe hawakusalimika.

Wananchi wa Kagera hawahitaji kwenda mbali kutafuta fundisho juu ya maradhi ya damu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitoka katika mkoa huu mwaka 1983. Miaka zaidi ya 40 baadaye, tarehe 20 Januari, 2025, Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huo, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na wengine 8 wakihesabiwa kuwa huenda waliugua. Wote 10 walikufa. Mfano huu hautolewi kwa kudai kwamba ugonjwa huo uliletwa na sindano. Unatolewa kwa sababu virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, hupita katika damu na majimaji ya mwili, na wilaya iliyokwisha kuvipokea mara moja haiwezi kufanya mzaha na chombo kinachogusa damu.

Je, lawama zote ni za mgonjwa anayeomba kudungwa? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 juu ya mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo ulipakana na Biharamulo kwa upande wa Geita, ulionyesha kwamba sindano nyingi zilizotolewa katika vituo vya afya hazikuwa za lazima, na kwamba baadhi ya zile zilizodhaniwa kuwa zimetakaswa zilikuwa na vijidudu. Mgonjwa huomba, lakini anayeandika ni tabibu. Kalamu imo mkononi mwake, na elimu pia.

Ni haki kusema kwamba hatua kubwa imepigwa. Mwaka 2000, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, sindano chafu ziliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B na watu 260,000 virusi vya UKIMWI duniani. Katika nchi zinazoendelea, sindano zilizorudiwa bila kutakaswa zilikuwa karibu 40 katika kila 100. Kufikia mwaka 2010 zilikuwa zimeshuka hadi 5 au 6. Ufundi wa viwanda umesaidia sana. Kwa ajabu ya mambo, hata bomba la sindano lenyewe huzaliwa kwa kudungwa: plastiki huyeyushwa kwa joto kali, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa na kutoka ikiwa bomba. Liko bomba ambalo likishasukumwa mara moja hujifunga, lisiweze kuvuta dawa tena. Kiwanda kilichoko Kilifi, nchini Kenya, kinayatengeneza mabomba hayo, na hilo ni jambo la kujivunia kwa Afrika Mashariki nzima.

Hata hivyo, bomba linalojifunga halimzuii mtu kudunga pasipo sababu. Halimzuii mdungaji asiye na mafunzo, anayepita nyumba hadi nyumba na dawa asiyoijua kipimo chake. Wala halijitupi lenyewe katika kisanduku cha usalama. Sindano iliyotupwa jalalani humngoja mtoto anayecheza pekupeku. Kazi hiyo ni ya watu, nayo yahitaji elimu.

Taifa hili linajua namna ya kutoa elimu ya aina hiyo. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili na kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Ngara ina redio yake, Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika siku za wakimbizi. Biharamulo na Ngara zina zahanati, shule na mikutano ya vijiji. Kinachotakiwa ni kuviunganisha, na kusema na wananchi kwa Kiswahili chepesi na, pale inapofaa, kwa Kihangaza na Kisubi.

Somo lenyewe si refu. Mgonjwa afundishwe kumwuliza mganga, bila woga na bila ukali, maswali matatu: Je, dawa hii haipatikani kwa kumeza? Je, bomba hili limefunguliwa mbele yangu? Je, likishatumika litatupwa wapi? Mganga naye asiyaone maswali hayo kuwa dharau. Anayeuliza ni mwenye mwili, na mwenye mwili ana haki ya kujua kinachoingia humo.

Tabibu atakayemweleza mama kwa nini mwanawe anapewa vidonge, na namna ya kuvimeza mpaka viishe, atakuwa amemhudumia vyema kuliko yule anayedunga ili foleni isogee. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Basi heshima ya mgonjwa ipimwe kwa maelezo anayopewa na kwa kupona kwake, na sindano ibaki kwa yule ambaye bila hiyo hawezi kuokoka.