MCHEZO NI WETU, UFUNGUO NI WA NANI?



Ni juma mbili sasa, katika uwanja, katika refektwari na hata usiku katika dortwari, kuko mabishano juu ya feza za kese ya wanafunzi. Mbele ya mwisho wa trimestri hii, komite inapashwa kuamua namna ya kuzitumia kwa faida ya chumba cha ordinateri. Wengi wanataka tununue michezo: ya mpira, ya magari, ya kujenga miji. Mimi sikatai michezo. Mtu anayesoma tangu asubuhi mpaka jioni anahitaji kupumzisha kichwa, na iko michezo inayofundisha hesabu na historia kuliko tunavyozani. Lakini niko na swali moja, nami naomba kila mmoja alijibu mbele hatujatoa hata franga moja: kile tutakachonunua, kitakuwa chetu kweli?

Wengine watacheka. Watasema, «Kapita, mtu akilipa, kitu si ni chake?» Ndiyo, kwa mkate ni vile. Kwa kiatu ni vile. Kwa michezo mingi ya ordinateri ya siku hizi si vile hata kidogo, na tafazali mnivumilie nieleze.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Mtu alinunua disiki ndani ya sanduku, akaiingiza katika ordinateri, akacheza. Akichoka nayo, alimpa mdogo wake ao alimuuzishia jirani. Sasa iko namna ingine. Ndani ya sanduku munaweza kuwa disiki, ao kijikaratasi tu chenye namba. Unafungua akaunti kwenye jukwaa la kampuni kwa njia ya intaneti, unaandika namba ile, na tangu saa hiyo mchezo unafungwa na jina lako. Ukitaka kucheza, programu inauliza kwanza seva ya kampuni: huyu ni nani, amelipa, anaruhusiwa? Seva ikijibu ndiyo, unacheza. Isipojibu, disiki yako ni sawa sahani ya plastiki. Na namba ile haitumiki mara ya pili, hivi huwezi tena kumpa mdogo wako wala kumuuzishia jirani.

Ni kama kujenga nyumba kwa feza zako, halafu fundi anakwenda na ufunguo kwao ngambo ya bahari. Kila jioni unapiga hodi kwake. Akiwa amelala, nawe unalala inje.

Mambo haya hayakuanza jana. Kampuni Valve ya Marekani ilifungua jukwaa lake, Steam, katika Septemba 2003. Katika Novemba 2004 ikatoa mchezo Half-Life 2, uliongojewa na watu wengi sana. Hata yule aliyeununua dukani, disiki mkononi, alipashwa kwanza kufungua akaunti ya Steam na kungojea ruhusa. Siku ya kwanza watu wakawa wengi, maseva yakalemewa, na wanunuzi wakakaa mbele ya mashine wakitazama kitu walichokilipia bila kukifungua.

Watu hawakunyamaza. Katika Ujerumani shirika la kutetea wanunuzi lilishitaki kampuni ile, likisema ni vibaya kufunga mchezo na akaunti isiyoweza kupewa mtu mwingine. Katika Februari 2010 korti kuu ya nchi ile ikaipa kampuni haki. Katika Ufaransa shirika UFC-Que Choisir lilifanya vilevile. Katika Septemba 2019 korti ya Paris ikasema mnunuzi anaweza kuuzisha tena mchezo wake, watu wakafurahi. Lakini katika Oktoba 2022 korti ya rufani ikaigeuza hukumu ile. Ndiyo kusema, watu wa nchi zenye waamuzi wengi na mawakili wengi walikwenda mpaka mbele ya sheria, nao wakarudi mikono mitupu. Sisi wa hapa, tukifungiwa mlango, tutashitaki wapi?

Tazameni mfano mwingine. Katika Machi 2013 kampuni Electronic Arts ilitoa SimCity, mchezo wa kujenga mji. Mtu anaweza kujenga mji wake peke yake, bila mwenzake. Hata hivyo mchezo ulilazimisha intaneti wakati wote. Siku za kwanza maseva yakashindwa, na watu wengi hawakuweza kuingia katika miji yao wenyewe. Wakubwa wa mchezo wakaeleza kwamba kuutenga na maseva ni kazi kubwa sana. Lakini katika Machi 2014, mwaka mmoja baadaye, wakatoa mabadiliko, na mchezo ukachezeka bila intaneti. Basi iliwezekana.

Mfano wa tatu ndio unaonisumbua zaidi. Mchezo wa magari unaoitwa The Crew ulitolewa na kampuni Ubisoft ya Ufaransa mwisho wa 2014. Ulikuwa unaitaji maseva ya kampuni siku zote, hata kwa mtu anayeendesha gari peke yake. Siku ya 31 Machi 2024 kampuni ikafunga maseva yale. Siku hiyo mchezo ukakufa kwa kila mtu, hata kwa yule aliyekuwa na disiki safi katika sanduku lake. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani, hakuna moto uliounguza kitu, na mali imekwisha. Kwa sababu ya jambo lile Mmarekani mmoja, Ross Scott, alianzisha mwito wa kuzuia kampuni kuua michezo iliyokwisha kuuzishwa, na katika 2025 watu zaidi ya milioni moja wa Ulaya wakatia sahihi yao.

Na neno lenyewe «kununua» sasa limeingia mashakani. Ninyi munajua, katika luga yetu ya nyumbani tunasema «nimeuza mkate» kwa kusema tumeununua, na mwalimu wa Kiswahili anatusahihisha kila siku. Tulizani ni sisi tu tunaochanganya maneno haya. Kumbe na wakubwa wa biashara wanachanganya! Katika jimbo la California sheria iliyotiwa sahihi katika Septemba 2024, na kuanza kutumika Januari 2025, inamkataza muuzishaji wa vitu vya intaneti kusema «nunua» kama hakumweleza mtu wazi kwamba anapata ruhusa tu ya kutumia. Kama kitu kinaweza kuchukuliwa na kuwekwa daima bila intaneti, sheria ile haikigusi. Ninaona sheria hii haifungui mlango wowote, lakini angalau inaandika juu ya mlango jina lake la kweli.

Sasa turudi kwetu. Ulaya mtu anasahau kama intaneti iko, kwa maana iko siku zote. Sisi hatuwezi kusahau. Hapa rezo inakuja na kwenda sawa mvua. Umeme nao. Mega tunanunua kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi mzazi anachagua kati ya mega na sabuni. Mchezo mmoja mkubwa wa leo unaweza kupita giga 50, wengine wanapita 100. Hesabu yake muifanye wenyewe. Tena, kisha uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika inchi yetu yote karibu siku 20, mpaka Januari 2019. Tulikuwa bado watoto wa primeri. Siku zile kitabu kilisomeka, mpira ulichezeka, redio ilisema. Kitu kinachongojea seva ya mbali kililala tu.

Ninajua wenzangu wako na majibu, na mengine ni ya kweli. Nitayachukua moja moja.

Wa kwanza anasema: «Jukwaa linatunza mali yako. Mashine ikiibwa, unafungua akaunti kwa mashine ingine na michezo yako yote iko.» Ni kweli, wala sitaficha. Disiki ikipasuka imepasuka, lakini akaunti haipasuki. Tena majukwaa haya yanapunguza bei mara kwa mara, na Steam inaruhusu michezo mingi kuchezwa bila intaneti kisha kuingia mara ya kwanza. Kwa mtu mwenye rezo nzuri, ni msaada. Lakini msaada mzuri ni ule ninaouchagua. Kama mtu ananiambia «nitakutunzia koti lako», ninashukuru. Kama anasema «hutavaa koti lako pasipo ruhusa yangu», huyo si mtunzaji tena.

Wa pili anasema: «Kampuni zinajilinda na wezi.» Hapa tuseme ukweli, sababu sisi sote tunajua kinachopita katika kile clé ya USB kinachozunguka dortwari. Michezo iliyovunjwa kufuli imejaa. Na tazameni ajabu: yule aliyeiba anacheza bila seva, bila akaunti, bila mega. Yule aliyelipa ndiye anayengojea rezo. Kufuli imewekwa kwa mwizi, lakini anayefungiwa inje ni mwenye kulipa! Sisemi hivyo kusudi tuibe. Kazi ya mtu ni kazi ya mtu, hata akiwa mbali, hata akiwa tajiri, na komite ya wanafunzi haiwezi kuweka kitu cha kuiba katika chumba cha shule. Ninasema tu kwamba biashara inayomfanya mwaminifu kuwa mjinga mbele ya rafiki zake inafundisha somo baya, na walimu wetu wataniunga mkono.

Wa tatu anasema: «Nani atacheza mchezo huo kisha miaka kumi?» Ndugu yangu, nenda katika biblioteki yetu. Kile kamusi kikubwa cha Kifaransa, chenye mgongo uliofungwa na skoti, kilitumiwa na watu ambao leo watoto wao wako nasi katika kalasi. Hakuna aliyepiga simu Paris kuomba ruhusa ya kukifungua. Kila promosyo inaachia ingine. Shule haijengwi kwa ajili ya wale wa kalasi ya sita, maana sisi tunakwenda; inajengwa kwa ajili ya wale wa kalasi ya saba wanaoingia na kartabu kubwa kuliko wao. Feza za kese ni za wote, na za wale ambao bado hawajafika.

Wala musizani kampuni haziwezi kusikia. Katika Juni 2013 Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya ya michezo, Xbox One, itapashwa kuingia intaneti angalau mara moja kila saa 24. Watu wakapiga kelele, na siku ya 19 ya mwezi uleule kampuni ikaondoa sharti lile. Mnunuzi anayesema «hapana» mbele ya kulipa ana nguvu kuliko yule anayelia kisha kulipa.

Kwa hiyo ninaleta mbele ya komite mambo manne:

1. Tusinunue mchezo wowote unaolazimisha intaneti ili kuchezwa, hata ukiwa mzuri namna gani, hata bei ikiwa ya chini. Kabla ya kulipa, mwenzetu mmoja asome masharti yote, akituandikie kwa Kiswahili katika bao la matangazo.

2. Tuanze na ile isiyoomba feza wala ruhusa. Kuko GCompris, iliyoanzishwa katika 2000 na Mfaransa Bruno Coudoin, yenye hesabu, sataranji, jiografia na mazoezi ya kuandika kwa klavye, tena kwa Kifaransa. Kuko Battle for Wesnoth, na kuko 0 A.D. ya falme za kale, na ndani yake ufalme wa Kushi wa Afrika yetu. Hizi zote sheria yake inaruhusu kunakili na kugawa. Clé ile ya USB itazunguka dortwari bila haya.

3. Kama tunataka kununua, twende kwa wale wanaouzisha bila kufuli. Kuko duka GOG, lililofunguliwa katika 2008 na kampuni CD Projekt ya Polandi: unachukua faili lako mara moja, unaliweka pahali pako, na hata duka likifungwa kesho, faili ni lako. Tuulize kwanza kama ruhusa yao inafaa kwa shule yenye ordinateri mingi.

4. Kila kitu kinunuliwacho kiandikwe katika daftari, na nakala yake iwekwe katika kabati la Prefe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Mukutano wa komite ni siku ya Posho, kisha mazoezi ya kwaya. Mujumbe wa kila kalasi aje na shauri la wenzake, si lake mwenyewe. Mtu asiyekubaliana nami aandike katika namba itakayofuata. Kurasa ziko, na stensili haina kufuli.

Ni mimi kapita wenu,
kalasi ya sita.