Ini la nani limo kwenye hiyo chipu?

Najua nimepotea. UE zilinibana, na bumu nalo ndiyo hivyo tena. Leo nimerudi na hasira kidogo, mtanivumilia.

Juzi kwenye semina kikundi chetu kilipangiwa mada ya viungo kwenye chipu. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Chipsi kavu au chipsi mayai?" Darasa zima hoi, hata mimi nilicheka. Kilichoniudhi kilikuja baadaye. Kaka mmoja, kichwa kweli kweli, ambaye mimi mwenyewe huwa naomba desa kwake, akasimama na kusema: "Hiyo ni midoli ya Wazungu. Sisi huku hata panya wa maabara hawatoshi, itatuhusu nini?" Watu wakapiga makofi. Makofi jamani! Kisha tukaenda kula.

Kaka yangu, kwa heshima zote, umechemsha.

Kwa ambao hamkuwepo: chipu yenyewe ni kipande cha silikoni laini, saizi ya flashi ya kompyuta. Ndani kuna vijia viwili vilivyotenganishwa na utando wenye vitundu vidogo sana. Upande mmoja zinapandwa seli za kiungo cha binadamu, upande wa pili seli za mishipa ya damu, na majimaji yanapita humo kama damu inavyopita. Ile ya pafu, ambayo Dan Huh, Donald Ingber na wenzao wa Harvard waliitangaza mwaka 2010, hata inavutwa pembeni ili seli zitanuke na kusinyaa kama mtu anapumua.

Wanahangaika hivyo kwa sababu mnyama anadanganya. Mwaka 1993 huko Marekani dawa ya homa ya ini B iitwayo fialuridini ilipita vizuri kwa wanyama. Ikapewa watu 15. Saba maini yakafeli, 5 wakafa, na 2 walipona kwa kupandikizwa ini jingine. Mwaka 2006 London, vijana 6 wa kujitolea walichomwa TGN1412, kipimo kidogo mara 500 kuliko kile ambacho nyani walikivumilia bila shida. Ndani ya saa chache wote wako mahututi. Walipona, lakini waulize wao kama panya na nyani wanatosha.

Sasa angalia 2022. Kampuni ya Emulate ilijaribu dawa 27 kwenye chipu 870 za ini, na chipu zikanasa asilimia 87 ya zile zinazojulikana kuumiza ini, bila kuisingizia hata moja iliyo salama. (Waliopima ndio wauzaji, hilo tusilisahau.) Desemba mwaka huohuo Marekani ikafuta sharti la tangu 1938 la kupima dawa kwa wanyama kabla ya watu.

Matatizo yapo, na sikuyaficha kwenye prezentesheni. Silikoni hiyo inanyonya dawa zenye asili ya mafuta, kwa hiyo unaweza kudhani umeweka dozi kamili kumbe nusu imeliwa na ukuta. Seli zinachoka baada ya wiki chache. Ini peke yake si mwili. Na bei, tusiongee.

Ila tatizo langu mimi ni jingine. Chipu ya ini inabeba ini la mtu fulani, aliyetoa seli zake. Ni nani huyo?

Mama mdogo wangu alitumia ARV zenye efavirenzi miaka kadhaa. Usiku alikuwa anapiga kelele usingizini, mchana anatembea kama amelewa. Kliniki aliyokuwa anahudhuria walimwambia atazoea. Dawa hiyo iliidhinishwa 1998 kwa miligramu 600. Ini huivunja kwa kimeng'enya CYP2B6, na aina ya jeni inayokifanya kiwe kivivu iko kwa Waafrika wengi kuliko Wazungu. Dawa inabaki kwenye damu, kichwa kinavurugika. Profesa Collen Masimirembwa na wenzake kule Harare wamelitafiti hili kwa miaka. Mwaka 2014 utafiti wa ENCORE1 ukaonyesha kwamba 400 zinafanya kazi sawa na 600. Miaka 16 baadaye! Kama mama mdogo ana jeni hiyo mimi sijui, hakuna aliyewahi kumpima.

Ndiyo maana nasema inatuhusu kuliko wao. Chipu zikijazwa maini ya Boston peke yake, dawa itapasishwa na maini ya Boston, halafu majaribio ya kweli tutafanyiwa sisi, majumbani, tukiambiwa tutazoea. Upasuaji unafanyika hapa kila siku na vipande vya tishu vinatupwa. Vihifadhiwe, kwa idhini ya mgonjwa iliyoandikwa na akaelewa. Hatutaki mambo ya Henrietta Lacks, aliyechukuliwa seli zake Baltimore mwaka 1951 bila kuulizwa. Hilo halihitaji kiwanda cha chipu. Linahitaji friza, jenereta lisilokosa dizeli, na watu wasiopiga makofi ovyo.

Semina ijayo nalirudisha swali hili mezani, hata wakizomea. Na wewe kaka, ukisoma hapa tusinuniane. Lile desa la famakokinetiki bado nalihitaji.