Mteremko Hushukwa kwa Gia, si kwa Breki Tupu



Kila lori linapopinduka mteremkoni, neno la kwanza tulisikialo ni kwamba breki zimekatika. Neno la pili ni kwamba dereva amekamatwa, kama bado yu hai. Baada ya hapo hakuna aulizaye tena. Shauri huishia kortini, lori jingine hupakiwa shehena, na dereva mwingine hupewa ufunguo. Sisi katika chama haturidhiki na desturi hii.

Barabara zenyewe twazijua. Iko ile ya kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan hadi Salgaa. Iko ya Mai Mahiu, iliyochongwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita Kuu vya Pili. Iko ya Meru penye daraja la Nithi, ambako basi lilitumbukia tarehe 24 Julai 2022, watu zaidi ya 30 wakafa. Wala hatujasahau njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowavamia wachuuzi na wasafiri kando ya barabara na kuua watu zaidi ya 50. Wengi wao walikuwa watu wa jasho kama sisi, waliotoka nyumbani kutafuta riziki.

Basi tuelezane kazi ya breki. Breki huugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Lori lenye uzito wa tani 56, ambao ndio mwisho wa sheria katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, likishuka kimo cha mita 100 tu, hutoa nguvu ya kuchemsha madebe manane ya maji. Joto hilo lote likitwikwa breki peke yake, dramu hupanuka, breki hazishiki tena, na mguu wa dereva hukanyaga bure. Kwenye breki za upepo, kukanyagakanyaga hovyo humaliza upepo katika tangi. Kwenye gari dogo, oili ya breki huchemka na pedali huzama mpaka chini. Halafu watu husema zilikatika, kumbe zilichoshwa.

Msaidizi wa breki ni injini. Gari likiwa katika gia ndogo na mguu umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo huisukuma injini, nayo injini hukaza, ikalizuia gari. Wazee wa kazi hii walifundisha: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Malori ya leo yana nguvu zaidi na hupanda kwa gia kubwa, hivyo mara nyingi yafaa kushuka kwa gia ndogo kuliko hiyo. Na gia huchaguliwa juu, kabla ya kuanza kuteremka. Ukingoja mpaka gari lishike kasi, utatoa gia kubwa na ndogo itakataa kuingia. Hapo huna gia yoyote mkononi. Breki nayo itumiwe kwa kipimo: kanyaga sawasawa, mwendo upungue, achia ipoe, kisha kanyaga tena.

Sasa yamekuja magari ya otomatiki, nayo yamezidi kila mwaka: pikapu, magari ya watalii, ya shule, hata malori makubwa. Wengine wetu tumeambiwa, "Hili ni rahisi, linajiendesha." Maneno hayo yaweza kuua. Gari la otomatiki likiwa kwenye D, ukiondoa mguu kwenye mafuta mteremkoni, mengi hudhani kazi imekuwa nyepesi. Hupanda gia kubwa yenyewe, na injini haikazi tena. Yako mapya yanayotambua mteremko, lakini si yote. Dereva sharti alishushe kwa mkono wake: aweke L au 2, au pale penye alama ya kujumlisha na kutoa achague kutoa, na afanye hivyo mapema. Kwenye lori awashe breki ya ekzosi au ritada iliyowekwa na watengenezaji, akiangalia sana njia ikiwa na maji, maana magurudumu yaweza kuteleza.

Tusifichane jambo jingine. Wako wenzetu wanaoteremka kwa nyutro ili wabakishe mafuta. Ndugu, hesabu hiyo ni mbovu. Injini za kisasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu umetoka, hukata mafuta kabisa. Gari likiwa nyutro, injini huendelea kunywa ili isizime. Basi kwenye mteremko mkali dereva huuza roho yake, ya taniboi wake na ya watu wasiomjua, wala lita moja haipati.

Lakini mtu huyo hakuzaliwa akipenda nyutro. Yako makampuni yanayompimia mafuta kwa kibaba na kumkata mshahara yakipungua. Yako yanayomlipa kwa safari, akikawia hana kitu. Yako yanayotia shehena kupita kiasi na kumwambia, "Ukikataa, wako kumi langoni." Tajiri wa namna hiyo ameshika usukani pamoja na dereva, ijapokuwa kortini hasimami.

Sheria haiko upande wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vyombo salama, maelezo na mafunzo. Tena yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi, na asirudishwe kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Lori lenye breki mbovu ni hatari kubwa. Liandikwe kitabuni, dereva abaki na nakala.

Kwa hiyo twataka mambo haya yaingie katika kila mapatano yatakayofanywa na waajiri. Dereva asipewe gari la otomatiki kabla ya kufundishwa juu ya mteremko wenyewe, na siku hizo alipwe. Breki, pamoja na ile ya ekzosi, zikaguliwe kabla ya safari. Mafuta na saa za safari vipimwe kwa kukumbuka milima. Anayekataa gari bovu au shehena iliyozidi asifukuzwe.

Na sisi, tuanze kwetu. Dereva mkongwe amfundishe kijana. Taniboi akiona mkono wa dereva unakwenda nyutro, aseme. Kuambiana ukweli ndani ya kebini si kuvunja heshima.

Mwajiri akikataa, asikataliwe dereva mmoja mmoja. Mmoja hufukuzwa. Wote hawafukuziki.

Umoja ni nguvu.