Kalamu ya Kukodi Haifiki Kashuga

Mchambuzi mmoja ameandika kwamba sura ya mwanasiasa hutengenezwa na mwandishi wa hotuba zake: mpatie kalamu nzuri, umma utamfuata. Hoja tamu, ila Kongo haimo.

Eti hata Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipambwa. Na nani? Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, hakuwemo hata kwenye ratiba ya wasemaji. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akimsifu Leopold II, yeye alikuwa akisahihisha karatasi zake palepale. Rais Mobutu ndiye aliyepambwa: waziri wake wa habari, Sakombi Inongo, alimshusha kutoka mawinguni kila jioni kwenye televisheni. Mwaka 1997 alikimbia, na fundi wake baadaye akamtumikia Laurent Kabila.

Lakini kichekesho hasa ni dai kwamba wananchi husahau matendo na kukumbuka maneno. Apeleke dai hilo Kashuga, Kivu Kaskazini, barabara ya Mweso kwenda Kalembe, akawasomee waliokimbia vita na kulala chini ya maturubai. Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa siku 30. Zikaongezwa, zikaongezwa tena, miaka ikapita. Desemba 2023, kwenye mkutano wa kampeni Kinshasa, Rais Tshisekedi alitishia Rwanda kwa vita hadi Kigali, umati ukashangilia. Siku mbili baadaye nchi ilipiga kura. Wilaya ya Masisi, iliko Kashuga, haikupiga, vita viliizuia.

Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini.