Kujieleza Si Kujisifu

Katika gazeti letu nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi wa Ayivu wamalizapo masomo: mahojiano ya kazi, au intavyu kama tuiitavyo.

Sisi tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hajisifu mbele ya wazee. Huinamisha macho, hungoja aulizwe, hujibu kwa maneno machache. Malezi hayo ni mema, wala sitaki yapotee. Lakini ukiingia katika chumba cha mahojiano, swali la kwanza ni: "Tueleze habari zako." Hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Mimi nilikwama. Mwaka 2017, wakimbizi wengi wa Sudan Kusini walipokuwa wakiingia West Nile na kambi ya Imvepi ikafunguliwa tena, shirika moja lilitaka mtunza ghala. Nilikuwa nimekariri majibu ya rafiki yangu aliyekwisha kupata kazi. Nilipoulizwa upungufu wangu ni nini, nikajibu upesi, "Mimi hufanya kazi kupita kiasi." Mzee mmoja akatabasamu. "Mwenzako aliyetoka sasa hivi amesema hivyo hivyo. Tupe mfano." Sikuwa nao. Nikatazama sakafu mpaka nikaambiwa niende.

Kilichoniuma ni hiki. Kwa miaka miwili nilikuwa nimetunza daftari la duka la mjomba wangu, kando ya njia iendayo Koboko. Kila jioni nilihesabu magunia ya maharagwe na ya unga wa muhogo, na siku moja niligundua kwamba magunia manne yaliandikwa kuingia, lakini hayakuingia. Hiyo ndiyo kazi ya mtunza ghala! Nami sikuitaja hata kidogo, kwa sababu sikuwa na cheti chake, na kwa sababu niliona ni kujisifu.

Maoni yangu basi ni haya. Kusema "mimi ni hodari" ni kujisifu. Kusema "nilihesabu magunia, nikaona manne hayapo, nikamwambia mwenye duka" ni kutoa ushahidi. Hakuna mzee achukizwaye na ushahidi.

Maswali yenyewe si siri. Kwa nini unaitaka kazi hii? Upungufu wako ni nini? Ulipokosana na mwenzako ulifanya nini? Wataka mshahara gani? Una swali kwetu? Chukua daftari, na kwa kila swali andika jambo moja ulilolifanya wewe mwenyewe, shambani, bwenini, au katika timu ya mpira. Usikariri maneno, kumbuka tukio. Upungufu nao utaje wa kweli, pamoja na dawa uliyoutafutia. Ukijua Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, sema, maana kambini lugha ni chombo cha kazi. Tena mjue unayemwendea. Watumishi wa wilaya, kama ile ya Koboko, huchaguliwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, na mshahara wao serikali imekwisha kuupanga kwa ngazi. Mashirika, lakini, huweza kukuuliza kiasi unachotaka; basi ulizia mapema.

Wako watakaosema kwamba haya ni bure, kazi hupewa mwenye mjomba ofisini. Siwezi kuapa kwamba jambo hilo halipo. Lakini asiye na mjomba ofisini ndiye hasa apaswaye kujiandaa. Mjomba wangu mimi alikuwa dukani tu, na daftari lake ndilo lililonifaa: mwaka uliofuata, mbele ya meza nyingine, nilisimulia habari za magunia manne, nikapata kazi.

Tangu Julai 2020 Arua ni jiji, na Ayivu ni sehemu yake. Watu wa kila upande huja kutafuta kazi hapa, wala hawaoni haya kujieleza. Kwa hiyo naomba sisi wanafunzi wa zamani tuje shuleni Jumamosi moja kila muhula, tukae mezani kama wazee wa mahojiano, tuwaulize wadogo zetu maswali hayo. Heri wakwame mbele yetu kuliko mbele ya mwajiri.

Mimi nitakuja. Nani atafuatana nami?