Jibu la Kuvutia Si Lazima Liwe Sahihi

Majuma machache yaliyopita, mpwa wangu aliye katika Gredi ya Sita aliniletea karatasi ya zoezi la Kiswahili. Katika maswali kumi ya ufahamu, alikuwa amepata manne. Nilipomwuliza aliyachaguaje majibu yake, alinijibu bila kusita: "Mjomba, tulifundishwa tutafute jibu lenye maneno yaliyo kwenye kifungu."

Nilisikitika, lakini sikushangaa. Mimi ni mhadhiri wa isimu, na kila mwaka huwapokea chuoni vijana waliolelewa kwa mbinu iyo hiyo. Ukiwataka wataje hoja ya mwandishi, watakukariria sentensi zake neno kwa neno. Ukiwauliza maana yake, wanabaki kimya.

Ieleweke kwamba majibu yasiyo sahihi katika mtihani wa kuchagua hayatungwi ovyo. Mtahini stadi huyatunga makusudi ili yamnase msomaji wa juu juu. Hebu tuutazame mfano niliomtungia mpwa wangu jioni hiyo:

"Mvua ilipochelewa, wakulima wengi kijijini waliuza mifugo yao kwa bei ya kutupa. Bi Sanita hakuuza hata mbuzi mmoja, kwani alikuwa amehifadhi nyasi kavu tangu msimu wa mavuno."

Kwa nini Bi Sanita hakuuza mbuzi wake?
A. Mifugo iliuzwa kwa bei ya kutupa.
B. Wakulima wote walikuwa wameuza mifugo yao.
C. Mbuzi ni mali yenye faida kwa mkulima.
D. Alikuwa na akiba ya chakula cha wanyama.

Mtoto aliiparamia A. Jibu hilo limebeba maneno ya kifungu jinsi yalivyo, na ni kweli kwamba bei ilikuwa duni. Lakini swali linauliza sababu, na sababu aliyoitaja mwandishi imefuata neno "kwani". B imegeuza "wengi" kuwa "wote". Neno moja dogo limeugeuza ukweli kuwa uongo. C haina ubishi katika maisha, ila mwandishi hakuisema. D, ambayo ndiyo sahihi, haina "nyasi" wala "kuhifadhi". Imechukua maana na kuyaacha maneno. Hapo ndipo ufahamu ulipo.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jibu la kupotosha ni mkakasi: hupendeza machoni, na hupendeza zaidi machoni pa mwenye haraka.

Yamkini msomaji atasema kwamba mambo haya yalipitwa na wakati pale mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. La hasha! Tathmini ya KPSEA, iliyoanza mwaka 2022 chini ya mtaala wa umilisi, nayo huwapa watoto majibu ya kuchagua. Jina limebadilika, lakini mtego ni ule ule.

Nawasihi walimu wenzangu jambo moja. Tunaposahihisha ufahamu darasani, tusiishie kusoma herufi: "La kwanza B, la pili D." Tuwaulize wanafunzi kwa nini A si sahihi, na ni neno gani lililoiharibu. Wafunike majibu kwa kiganja, wajibu swali kwa maneno yao wenyewe, ndipo wafunue watafute linalofanana na lao. Kisha waguse kwa kidole sentensi inayolithibitisha. Baadaye wapeni kifungu wajitungie majibu ya kupotosha wao wenyewe. Aliyewahi kutega mtego hanaswi upesi.

Kwa wazazi, nasema msigharimie masomo ya ziada yanayouza hila, mara jibu refu ndilo la kweli, mara ukikwama chagua C. Hila hizo humnyima mtoto alama leo na kumnyima akili ya kusoma kesho.

Kesho hiyo haiko mbali. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima, atawekewa mezani mkataba wa mkopo au wa kuuza kipande cha shamba. Macho yake yatavutwa na maneno aliyoyazoea, wala hataona mahali ambapo "huenda" imesomwa kama "lazima", wala pale ambapo "isipokuwa" imejificha katikati ya sentensi ndefu. Atatia sahihi. Huko hakuna mwalimu wa kusahihisha kwa kalamu nyekundu, na zoezi halirudiwi.

Mpwa wangu aliirudia karatasi yake usiku ule, kiganja kikiwa juu ya majibu. Alipata saba. Kilichonifurahisha zaidi ya hizo saba ni kwamba, kwa kila jibu alilolikataa, aliweza kunieleza sababu.