Sadaka ya Kamari

Roald Dahl, aliyefanya kazi Dar es Salaam kisha akajiunga na jeshi la anga la Uingereza jijini Nairobi mwaka 1939, ndiye mtunzi wa hadithi ya Henry Sugar. Mwaka 2023 Wes Anderson aliifanya filamu fupi yenye mandhari ya kuchorwa. Tajiri mvivu ajifunza kuona pasi na macho, ashinda kamari, kisha ajenga nyumba za mayatima.

Wazazi wa Waithaka, itazameni pamoja na vijana, kisha waulizeni: je, sadaka husafisha haramu? Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu hupokea kilicho safi tu. Na kijana achezaye kamari simuni hana macho ya Henry. Ana karo ya mdogo wake, nayo huliwa.

Wallahu aalam.